Fidia ya bima si mauzo: kuiandika vitabuni mwa duka la samani

Ghala la samani likiungua, kampuni ya bima inaweza kulipa kwa hundi moja tu. Kosa baya kuliko yote ni kuitia hundi hiyo kwenye mauzo. Ndani yake kuna fidia tatu: ya stoki, ya mali za kudumu, na ya faida iliyokosekana duka likiwa limefungwa.

Tuseme moto umeteketeza stoki iliyogharimu milioni 80, pamoja na rafu na mashine zenye thamani ya vitabuni, yaani gharama baada ya kukata uchakavu, ya milioni 12. Hizo milioni 92 zote ni hasara ya kipindi kile kile cha moto, bima iwe imejibu au haijajibu. IAS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu mali za kudumu, inasema wazi kwamba kuungua kwa mali, kulipwa fidia na kununua nyingine ni matukio mbalimbali, na kila moja huandikwa peke yake.

Stoki ndiyo yenye kazi. Ipime kwa gharama, si kwa bei ya kibandiko. Sofa iliyoandikwa jina la mteja aliyekwisha kulipa nusu, lakini bado iko ghalani, kwa kawaida ni stoki yako hadi imfikie. Imekuungulia wewe, na malipo yake ya awali yanabaki kuwa deni lako. Samani ulizoletewa na fundi umuuzie kwa niaba yake si stoki yako kabisa, hata kama bima yako inazihusu. Vilevile, si kila kilichopata moshi kimekufa: meza ya mbao ngumu hupigwa msasa na vanishi ikauzika, godoro lililonyonya moshi ni la kutupa.

Fidia yenyewe, kwa IAS 37, kanuni nyingine ya kimataifa inayohusu mambo yasiyo na uhakika, haiandikwi mpaka kupatikana kwake kuwe karibu na uhakika kamili. Kuwa na bima hakutoshi, maana mkadiria hasara anaweza kugundua sharti lililovunjwa. Mimi hudai barua ya bima inayokubali dai na kutaja kiasi. Marekani taratibu ni nyingine: fidia inayoelekea kupatikana huandikwa hadi kufikia kiasi cha hasara, na kinachozidi hapo husubiri.

Sasa bima imekubali milioni 75 za stoki, baada ya kukata 5 unazobeba mwenyewe, 20 za rafu na mashine kwa bei ya vipya, na 15 za faida iliyokosekana. Kwenye mtiririko wa fedha, 75 na 15 ni za shughuli za kawaida; 20 ni za uwekezaji. Jumla ni 110, na wengi hukata 92 wakaonyesha faida ya 18, basi. Hiyo 18 inaficha mengi: hasara ya 5 kwenye stoki, ziada ya 8 kwenye mali za kudumu inayotokana na uchakavu uliokwisha kukatwa, na 15 ambazo hazitarudi tena duka likifunguliwa. Ziandike tatu hizo kwenye maelezo ya hesabu, kila moja na kipindi chake.