Je, wajua kwa nini stelingi wa movi za maelieni na maroboti anakufa alafu anafufuka?

Kwenye vibanda umiza vya huku Moshi kila mtu anajua stelingi hafi, na kwenye movi za ngumi kweli hafi, ila hizi za maelieni na maroboti mara kibao stelingi anakufa kabisa alafu anaamka. Dogo mmoja wa kipaimara pale Pasua akauliza mbele ya watu, mbona hii ni stori ya Yesu? Yuko sahihi, na wenye movi wanajua wanachofanya.

Chukua The Matrix ya 1999. Mwanzoni stelingi, Neo, anamuuzia jamaa diski mlangoni kwake usiku, jamaa kwa furaha anamwambia wewe ndo mwokozi wangu, Yesu Kristo wangu mwenyewe. Demu anayempenda anaitwa Trinity, yaani Utatu, mji wa mwisho wa binadamu ni Sayuni, chombo chao kinaitwa Nebukadreza na kwenye kibati chake pameandikwa Mark III No. 11, sasa fungua Marko 3:11 uone, pepo wachafu wakimwona Yesu wanaanguka na kulia kwamba yeye ni Mwana wa Mungu. Msaliti yupo pia, Cypher, anawauza wenzake huku anakula nyama mezani na adui. Neo anapigwa risasi, anakufa, anafufuka.

Kwa nini lakini? Naona sababu kubwa ni kwamba hizi movi zinauliza nani atatuokoa na kifo kina mwisho gani, na Hollywood inauzia watu waliokulia kanisani, kwahiyo dairekta hana haja ya kukueleza saa nzima kwamba huyu ndo mkombozi, anakuwekea alama mbili tatu unazozijua tangu shule ya Jumapili na wewe unamalizia mwenyewe. Ndo maana yule dogo aliidaka fasta hata kama Kiingereza kilimpita.

Na hayajaanza juzi. Kwenye The Day the Earth Stood Still ya 1951, Klaatu anashuka Washington kutoka angani, anapigwa risasi na mwanajeshi, anatoroka hospitali na kwenda kuishi na watu wa kawaida kwa jina la Carpenter, yaani seremala. Baadae anauawa, roboti lake Gort linambeba mpaka kwenye chombo, anaamka, anatoa ujumbe wake na kupaa. Mwandishi Edmund North alikuja kusema aliyaweka makusudi, hata dairekta Robert Wise hakumwambia. Ila ofisi iliyokuwa inakagua maadili ya movi Marekani haikukubali elieni awe na nguvu za kufufua, ikabidi Klaatu mwenyewe aseme uwezo huo ni wa Roho Mwenyezi.

Siku hizi na biashara imeingia, Man of Steel ya 2013 Superman ana miaka 33, anaenda kanisani kuomba ushauri na nyuma yake kuna dirisha lenye picha ya Yesu, na kampuni ya movi ikawaalika wachungaji kuiangalia na kuwaandalia mpaka maelezo ya mahubiri.

Kinachoniuma mimi kama Mkristo ni kwamba wanachukua kufufuka wanaacha msamaha. Neo anaenda kumwokoa kiongozi wao Morpheus na mabunduki kibao, na wale walinzi anaowaua, kwa stori yenyewe, ni binadamu waliofungwa kwenye mashine kama alivyokuwa yeye. Superman anamvunja shingo adui yake Zod. Petro alipochomoa upanga Yesu alimwambia aurudishe, jamani.

Kwangu inayogusa imani kweli ni Signs ya 2002, haina hata mkombozi. Stelingi, Graham, alikuwa mtumishi wa Mungu, mke akafa kwa ajali ya gari akaacha utumishi, akawaambia watoto hapotezi tena hata dakika moja kwenye maombi. Maelieni wanavamia, Graham na familia wamejificha chini ya nyumba, mwanae kabanwa na pumu na dawa hakuna, Graham anamkumbatia mtoto huku anamwambia Mungu nakuchukia, Mungu yule yule ambaye Graham alisema hataongea nae tena.