Hodi potha ni nini?

Msomaji wa Kiswahili akikutana na maneno "hodi potha" atadhani kuna mgeni mlangoni. Hodi hii haina undugu na yetu. Katika Kisinhala, lugha ya watu walio wengi Sri Lanka, hodiya ni alfabeti na potha ni kitabu. Hodi potha ni kitabu cha kwanza cha herufi, kile anachofunguliwa mtoto kabla ya kingine chochote.

Na hafunguliwi siku yoyote tu. Familia nyingi hutafuta saa njema kwa hesabu ya nyota. Taa ya mafuta huwashwa, mtoto humpa mkubwa anayeheshimika majani ya tambuu, naye mkubwa huyo, pengine mtawa wa Kibuddha au mwalimu, humsomesha herufi zake za mwanzo. Aliyepelekwa chuoni akiwa na juzuu mpya kwapani anaijua siku ya namna hiyo.

Herufi inayotangulia ni අ, huitwa ayanna, na ndiyo inayoanza neno amma, yaani mama. Mchoraji wa kitabu ameshapata picha yake ya kwanza.

Lakini itazame hiyo herufi yenyewe: vitanzi, mizingo, mkia. Mwandiko wa Kisinhala umetokana na Brahmi, mwandiko wa kale wa Bara Hindi, ambao kwenye maandishi ya kale ya mawe ulikuwa na mistari iliyonyooka na pembe. Baadaye watu waliandika sana juu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mitende, wakichora kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali, kisha wakipaka mafuta na masizi ili maandishi yaonekane. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mstari ulionyooka ungelichana jani kufuata nyuzi zake, basi mkono ukajifunza kuzunguka. Watoto wa zamani waliuzoeza mzunguko huo kwa kidole, mchangani. Kwa maoni yangu somo la kwanza la Kisinhala ni somo la kuchora, hata kama ratiba ya shule inaliita kusoma.

Ndiyo maana vitabu vya kiada vya watoto huko vina deni kubwa kwa wachoraji. Tangu 1980 serikali huvigawa bure shuleni, lakini kabla ya hapo vilitegemea zaidi watu kama H. D. Sugathapala, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Royal mjini Colombo, aliyetunga vitabu vya kusomea vya Nava Maga. Kile cha darasa la 5 alimpa Sybil Wettasinghe akichore. Binti huyo, mzaliwa wa Gintota karibu na Galle mwaka 1927, alikuja kuwa mtunzi na mchoraji wa vitabu vya watoto anayejulikana kote nchini, hadi alipofariki 2020. Wakati ule alikuwa na miaka 15, kwa hiyo wasomaji wake aliwazidi kama miaka mitano tu.