Punda anabeba maji kutwa, yeye anakunywa saa ngapi? Maswali ya kiangazi

Kiangazi hiki nimeulizwa sana na watu wa mikokoteni, kuanzia Igombe na Kayenze mpaka Misungwi na Kwimba huko, punda anaumwa tumbo, punda hali, punda kalala. Mara nyingi chanzo ni maji, kwahiyo nayajibu yote hapa.

Punda mmoja anahitaji maji kiasi gani kwa siku?

Hawa punda wetu wadogo weka lita 10 mpaka 25, inategemea jua, kazi na anachokula. Akivuta mkokoteni kutwa mtengee dumu zima la lita 20 lake peke yake, asipolimaliza sawa. Na asinywe mara moja tu jioni, mpe asubuhi kabla hujamfunga, mpe mchana, mpe akirudi.

Lakini punda si mvumilivu wa kiu?

Ni mvumilivu kweli, na hapo ndipo tunapomuumiza. Mwili wake unaweza kupoteza maji mengi sana na bado akaendelea kuvuta mzigo kama hamna kitu, wewe unaona mzima kumbe ndani hali ni mbaya. Saivi majani mabichi hamna, anakula mabua ya mahindi na pumba, vitu vikavu kabisa, sasa vikavu hivyo vikiingia tumboni bila maji ya kutosha vinashikana vinakwama, choo kinagoma, na punda anaweza kufa kwa hilo.

Angalia mavi yake kila asubuhi, jamani, haichukui hata dakika. Ya punda mzima ni mabonge yenye unyevu, ukiyakanyaga yanaachia. Yakianza kuwa madogo, magumu, machache, au yamefunikwa na ute, shtuka. Alafu mfunue mdomo uguse ufizi: unatakiwa uwe na mate na uteleze, ukiwa mkavu unanata kwenye kidole huyo kaishiwa maji. Usisubiri ajigaragaze kama farasi, punda akiumwa tumbo mara nyingi anasimama tu kimya kichwa chini na anaacha kula. Punda aliyeacha kula ni dharura, piga simu kwa bwana mifugo siku hiyohiyo.

Akitoka kazini na jasho si atadhurika akinywa?

Hapana, mpe maji. Kumnyima mpaka apoe ndo kunamuumiza.

Kaka yangu yuko Canada kwenye zizi la farasi, anasema kipindi cha barafu wanawapashia maji. Ya nini yote hayo?

Kwasababu ya tatizo hilihili la kwetu. Kule majani yako chini ya theluji, farasi anakula nyasi zilizokaushwa, alafu maji ya kwenye ndoo yanaganda au yanakuwa baridi mno anakunywa kidogo, wakati farasi mkubwa wa kilo 500 anahitaji kama lita 25 mpaka 45 kwa siku. Chakula kikavu, maji machache, tumbo linaziba, sawasawa na punda wa Kwimba mwezi wa tisa. Ndo maana wanavunja barafu asubuhi na jioni, wanaweka hita za umeme kwenye mabirika au wanamwaga maji ya vuguvugu, na hawamuachii alambe theluji maana haimtoshi. Huku Mwanza hata asubuhi za Julai maji hayagandi, kwahiyo wewe usipashe, wewe weka ndoo kivulini tu maana maji yaliyochemka juani nayo anayakataa.

Maji ya ziwa je?

Yakiwa safi anakunywa. Ila ukiona pwani maji yamekuwa kijani mazito kama rangi iliyomwagika, usimnyweshe hapo, ule uoto unaweza kuwa na sumu. Na wewe mwenyewe usiingie na punda mpaka magotini, konokono wa kichocho wako kwenye hayohayo majani ya ufukweni, mdudu anapenya kwenye ngozi wala huhisi. Chota kwa ndoo mpelekee nchi kavu, au vaa buti za mpira. Wanaoingia majini kila siku, hasa vijana, wakapime kituo cha afya hata kama hawaoni damu kwenye choo, dawa zipo.

Anagoma kunywa, nimnyweshe kwa chupa?

Usimlazimishe, maji yataingia kwenye mapafu. Punda anachagua sana maji, ndoo ikinuka sabuni au dumu likiwa lilibeba mafuta ya taa hagusi. Sugua ndoo, suuza vizuri, mvue lijamu, msogeze karibu na mwenzake anayekunywa, na chumvi kidogo kwenye pumba inasaidia akiwa na maji karibu. Akiendelea kugoma huenda ana jino bovu, na hapo anahitaji mtaalamu amfungue mdomo.