Mbweha wa Kioo Si Shetani: Dhana Potofu Kuhusu Sanaa ya Kioo ya Japani

"Kioo ni cha Wazungu, Wajapani wameiga juzi."
Shanga za kioo ziitwazo magatama, zilizopinda mithili ya mkia, zilivaliwa Japani takriban miaka 2,000 iliyopita. Huko Edo, ndiyo Tokyo ya leo, Kagaya Kyubei alianza kuchonga nakshi kwenye vyombo vya kioo mwaka 1834. Karakana ya kioo ya Satsuma, eneo la kusini mwa Japani, iliungua mwaka 1863 manowari za Uingereza ziliposhambulia Kagoshima. Ufundi wake ulikuja kufufuliwa mwaka 1985.

"Sanamu ya mbweha inaita mashetani ndani."
Hii ndiyo niisikiayo zaidi, na ina chembe ya ukweli: hadithi za Kijapani zimejaa mbweha wanaojigeuza wanawake warembo na kuwazuga wapita njia. Lakini mbweha huyohuyo ni mjumbe wa Inari, mungu wa mpunga. Ukifika hekalu la Fushimi Inari, Kyoto, utawakuta wa mawe wamefungwa vitambaa vyekundu shingoni, mmoja ameuma ufunguo wa ghala la mpunga, mwingine kito. Kwa hiyo fundi wa kioo akimpa mbweha wake kito mdomoni, anazungumzia baraka. Tazama pia mikia: kadiri inavyozidi, hadi tisa, ndivyo mbweha alivyo mkongwe na mwenye nguvu.

"Joka hutema moto."
La Japani ni la maji. Huleta mvua, na Ryujin, mfalme wao, ana kasri chini ya bahari. Ni kiumbe gani kingefaa kioo zaidi?

"Zile nakshi ni urembo mtupu."
Pembe sita ni gamba la kobe: maisha marefu. Ile inayofanana na nyota ni jani la mmea wa bangi (msicheke, ni ule wa nyuzi za nguo), nao hukua haraka na wima. Ndiyo maana hata nguo za watoto wachanga zilitiwa nakshi hiyo.

"Rangi hupakwa juu."
Kengele za upepo huchorwa kwa brashi, tena kwa ndani. Lakini katika kiriko, kioo cha kuchongwa, kioo angavu kisicho na rangi huvikwa tabaka la kioo cha rangi, mathalani buluu ya kobalti, kisha fundi hulichonga mpaka uangavu wa chini utokeze. Ukitaka kununua, pitisha kidole: iliyochongwa kwa mkono ina kingo kali, ya kalibu kingo zake ni butu.