Horst Rittel na matatizo korofi
Mwanafunzi anayeanza masomo ya usanifu huwa na ombi moja: apewe kwanza tatizo lililoelezwa kikamilifu, ndipo alitatue. Horst Rittel alitumia miaka mingi ya ualimu kuonyesha kwa nini ombi hilo mara nyingi halitekelezeki.

Alizaliwa Berlin mwaka 1930, akasomea hisabati na fizikia. Mwaka 1958 alianza kufundisha katika shule ya usanifu ya Ulm, Ujerumani, na 1963 akahamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwanahisabati kuwaonya wasanifu wasitegemee mno hesabu! Kwangu hilo ndilo tamu kuliko yote katika wasifu wake.

Mwaka 1973, yeye na Melvin Webber, profesa wa mipango miji wa Berkeley, walichapisha makala iliyotenganisha matatizo tiifu na matatizo korofi. Mlinganyo wa hisabati ni tiifu: ukimaliza, unajua umemaliza. Sasa tazama tatizo korofi: barabara yenye foleni. Anayesema magari yamezidi atataka barabara ipanuliwe. Anayesema watu wanaishi mbali na kazi atataka nyumba zijengwe karibu. Mwingine atadai mabasi. Kila mmoja, kwa jinsi alivyolieleza tatizo, ameshachagua jibu. Na barabara ikishapanuliwa, nyumba zimebomolewa na watu wamehama. Huwezi kusema ulikuwa unajaribu tu. Kazi yenyewe husimama kwa kuwa muda, fedha au subira imekwisha, wala si kwa kuwa jibu sahihi limepatikana.

Kabla ya hapo, mwaka 1970, Rittel na mwenzake Werner Kunz walipendekeza njia ya kuendesha majadiliano: liandikwe swali, chini yake misimamo, na chini ya kila msimamo hoja za kuunga mkono na za kupinga. Waweza kudhani ni kumbukumbu za kikao tu. Ila kumbukumbu nyingi hubakiza kilichoamuliwa. Hapa kilichokataliwa nacho hubaki, pamoja na sababu zake. Baadaye programu za kompyuta zilijengwa juu ya wazo hilo. Rittel aliamini pia kwamba anayevuka barabara kila asubuhi anajua jambo asilolijua mhandisi, hivyo naye asikilizwe.

Rittel alifariki mwaka 1990. Siku hizi kila kigumu huitwa korofi, nami napinga. Kukokotoa kodi ya kampuni kubwa ni kazi ya kutoa jasho, lakini hesabu zikilingana, faili linafungwa.