Je, wajua kwa nini TV ya Unguja ilikuwa ikiingia Mombasa?

Nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, kupanda darini kuzungusha antena ilikuwa kazi ya mtoto, na mtoto alikuwa mimi. Antena yenyewe ilikuwa mbavu chache za bati na kifuniko cha sufuria kilichofungwa kwa waya. Chini sebuleni, TV yetu ya Great Wall ya inchi 14 ilijaa chenga, na ami akipiga kelele dirishani: "Rudisha kidogo... hapo hapo! Usiguse!"

Baadhi ya jioni, hasa msimu wa kaskazi, chenga zilitoweka na ikaingia TV ya Zanzibar, sauti na picha safi, huku kituo cha hapa hapa kikikwaruza. Unguja mjini ni kilomita 240 hivi kutoka Mombasa. Ami alikuwa na jibu: "Kaskazi hiyo, mwanangu. Yavuma, yaileta."

Jibu hilo nililibeba hadi utu uzima, mpaka nilipomweleza fundi mmoja wa redio akacheka hadi akaweka bisibisi chini. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini. Unguja iko kusini kwetu. Kama upepo ungekuwa unabeba picha, wao ndio wangetazama vipindi vyetu. Tena upepo wa kilomita 30 kwa saa ungehitaji saa nane kufika, kwa hiyo taarifa ya habari ya saa mbili usiku tungeiona saa kumi alfajiri. Mawimbi ya TV husafiri kwa kasi ya mwanga. Safari hiyo huyachukua chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hayabebwi na kitu chochote.

Nikaliacha kosa hilo, nikaingia la pili: basi wenzetu lazima walikuwa na mtambo wenye nguvu za kutisha. Kosa hili ni la heshima zaidi, ila ni kosa vilevile. TV ya Zanzibar ilianza miaka ya 1970, tena kwa rangi, wakati Tanzania bara ilingoja hadi 1994. Mombasa nayo ilipata kituo cha TV cha Sauti ya Kenya mwaka 1970. Lakini wati peke yake hazivuki bahari.

Simama ufuoni utazame jahazi likienda zake. Kiwiliwili huzama kwanza, halafu tanga, mwisho ncha ya mlingoti. Haliko mbali mno kwa jicho. Limefichwa na mviringo wa dunia. Mawimbi ya TV nayo hufuata karibu njia hiyo ya jicho, ingawa hewa huyapinda kidogo yakaona mbali zaidi yetu. Mlingoti wa mita 100 kwenye ardhi tambarare huona kilomita 41 hivi. Dari lako la mita 10 linaongeza 13. Jumla 54, na hapo ni kama umefika mwisho. Ukizidisha wati mara kumi, picha itaimarika kwa walio ndani ya upeo, na walio nje kidogo watapata chenga zenye sura ya mtu. Lakini upeo hausogei. Panda Shimba Hills, mita 400 juu ya bahari, na upeo wa mtambo huo huo unaruka hadi kilomita 82, hata bila mlingoti.

Ndiyo maana kituo kidogo chenye mtambo wa wati 100, sawa na balbu ya zamani, kikikaa kilimani kinaweza kuhudumia mji mzima. Marekani ilivitungia vituo vidogo daraja lao la kisheria mwaka 1982. Cha kuchekesha, "nguvu ndogo" huko sasa inaweza kufika wati 15,000 kwenye UHF, yaani masafa ya juu ya TV. Udogo wao zaidi ni wa cheo: haviruhusiwi kuingilia mawimbi ya kituo kikubwa, na kikubwa kikiviingilia, vinavumilia.

Sasa Unguja ilifikaje? Kwa mazigazi. Lami ikichemka mchana unaona maji barabarani ambayo hayapo, kwa sababu hewa ya moto iliyo chini imepinda mwanga kwenda juu. Geuza tabaka hizo: hewa baridi yenye unyevu ikae juu ya maji, na hewa ya joto na kavu iifunike. Mawimbi yanayotaka kupotelea angani hupindwa yakarudi chini, yakapanda, yakarudi tena, kama gololi inayoviringika ndani ya mfereji wa bati bila kuruka ukingo. Mfereji huo ukinyooka hadi Mombasa, kilomita 240 si kitu. Na kama kituo cha mbali kinatumia chaneli moja na cha jirani, vinagombana kwenye antena yako.

Mfereji hupenda hewa iliyotulia, kwa hiyo ami hakukosea kabisa: jioni shwari za kaskazi, zenye hewa kavu kidogo, huenda ndizo zilizoujenga. Upepo wenyewe ukivuma kwa nguvu huivuruga mipaka ya tabaka na kuuvunja.

Mwaka 2015 Kenya ilizima matangazo ya TV ya analojia, ikahamia dijitali. Siku hizi chaneli ya watu watatu na kamera mbili inakodi nafasi kwa msambazaji wa mawimbi kama Signet, kwenye masafa yale yale yanayobeba chaneli kubwa. Ni kama feri ya Likoni: mwenye lori na mwenye baiskeli wanafika ng'ambo dakika ile ile.

Mfereji wa hewa haujazimwa na mtu, ila king'amuzi hakijui chenga. Picha huganda vipande vipande au hupotea moja kwa moja. Ikikutokea jioni iliyotulia, kabla hujampigia fundi, nenda utazame baharini. Ukiona meli kama zimenyanyuka juu ya maji, subiri upepo uamke.