Kusi ikianza kuvuma

Hakuna anayeingia chumbani kwangu akasema ana kiwewe. Anaingia na bahasha. Amepimwa presha, amepimwa sukari, moyo umepigwa picha, kote amekutwa mzima, mwishowe mtu akamnong'oneza aende kule kwa wa afya ya akili. Akishakaa, neno la kwanza ni lile lile: "Dada, mimi sina wazimu."

Mzee mmoja, ambaye hapa nimemchanganya na wengine watatu ili asitambulike, alikuwa mvuvi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba macho yakiwa mlangoni. Mashua yao ilipinduka usiku, wakati wa kusi. Walishikilia madumu hadi kukapambazuka, na wawili hawakurudi. Miaka minne imepita. Nyavu ameuza. Bodaboda ikipita, harufu ya petroli inamrudisha majini. Nasema inamrudisha, sisemi inamkumbusha, kwa sababu mikono yake huanza kutafuta dumu. Kusi ikianza kuvuma mwezi wa nne, halali.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Methali hii tunaitumia kumcheka mwoga, lakini mimi naitumia kliniki, maana ndani yake ugonjwa wote umo. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, kazi yake kupiga mbiu ya hatari. Jirani yake, hipokampasi, ndiyo husaidia kuipa kumbukumbu mahali na wakati wake. Hofu ikizidi, mbiu inapigwa kwa nguvu na kazi ya jirani inavurugika. Tukio linabaki vipande vipande: baridi, harufu, sauti ya mtu anayeita. Kipande kimoja kikiguswa, mwili unajibu kana kwamba ni usiku ule ule.

Siku za mwanzo karibu kila mtu hushtuka, huota jinamizi, hukosa hamu ya kula. Huo si ugonjwa, na wengi hupona bila kuniona. Dalili nzito zikidumu kati ya siku 3 na mwezi mmoja, tunazungumzia mshtuko mkali. Zikivuka mwezi na zikamvuruga mtu kazini na nyumbani, hapo ndipo ninapoandika kiwewe kwenye faili. Aliyepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge akakosa usingizi na kulia ovyo yuko kundi jingine: ameshindwa kuzoea badiliko zito, na mara nyingi hutulia ndani ya miezi 6 baada ya tatizo lenyewe kwisha. Tusiite kila huzuni kiwewe.

Ninachogombana nacho zaidi ni kukwepa, na hapa hata ndugu wenye mapenzi hukosea. Mzee wangu aliacha kwenda pwani, familia ikamsifu kwamba ametulia. Akaacha kupita Deep Sea, wanakoshukia wavuvi hapa Tanga, akaacha kula samaki, mwisho hata msikitini akawa haendi kwa kuwa njia inapita karibu na maji. Kila alipokwepa alipata nafuu ya saa moja, na mwili ukajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Dunia yake ikapungua mpaka ikabaki chumba na baraza. Wanawake waliobakwa, ambao hatari yao ya kupata kiwewe ni kubwa kuliko ya waathirika wa ajali nyingi, wanafinyiwa dunia vivyo hivyo, ila wao tunasema wamekuwa wapole.

Mjini kwetu hapa Tanga, Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi wa Uingereza na India waliteremka pwani ya Raskazone, wakapigwa na Wajerumani na askari wao, na nyuki nao wakawashambulia. Nyuki tunawasimulia sana. Miezi mitatu baadaye, huko Ulaya, daktari Charles Myers alichapisha makala kuhusu askari waliotetemeka na kupoteza kumbukumbu baada ya mabomu kulipuka karibu nao. Ilichukua hadi 1980 kwa madaktari wa Marekani kuuingiza ugonjwa huu rasmi katika kitabu chao cha kutambua magonjwa ya akili, maveterani wa Vietnam wakiwa wamepiga kelele sana. Walioteremka Raskazone walilala vipi baadaye, sijasikia mtu akiuliza.

Mimi mwenyewe nilikosea nilipoanza kazi. Ajali ya basi ilipotokea, niliwakalisha walionusurika usiku ule ule wasimulie kila kitu, nikidhani nawatua mzigo. Leo hatushauriwi kumlazimisha mtu asimulie. Mpe maji, mpe blanketi, mtafutie ndugu zake, akitaka kusema msikilize. Wala usikimbilie kumpa diazepamu ili alale: Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2013 linakataza kuitumia kwa dalili za mwezi wa kwanza.

Tiba yenyewe ni ya polepole na haipendezi. Wengine huhitaji dawa kama setralini. Mzee tulimwanzia kwenye kiti, akisimulia usiku ule kwa mpangilio, tena na tena, wiki hadi wiki. Familia ilikuwa imeshasema ni jini la bahari, wakamsomea na kumnywesha kombe. Sikuwapinga. Kisomo kilimkusanyia watu, na alikuwa amekosa watu. Ninachokataa ni minyororo, na kumtoa mtu kwenye matibabu.

Kisha tukatoka. Siku ya kwanza tulifika Deep Sea saa sita mchana, tukasimama mbali, jasho likamchuruzika nusu saa nzima mpaka moyo ukapoa wenyewe. Sikumruhusu aondoke kabla haujapoa. Wiki ya tatu alikaa kwenye ngalawa iliyofungwa kamba. Ya nne hakuja. Ya tano alikuja na mkewe, akamwambia nahodha mmoja kijana kwamba ile kamba imefungwa vibaya, akainama akaifunga upya.

Kusi ya mwaka huu bado haijaanza. Tumekubaliana tuonane kila Jumatatu mpaka ipite.